Chipu nayo ina umbea!

  Mimi huku Leuven, Ubelgiji, naendelea kudunda, ingawa baridi nayo inaendelea kunidunda.

Wiki hii nimeamua kujibu swali ninaloulizwa kila siku na vijana wenzangu wa nyumbani: "Hivi wewe huko mamtoni unasoma nini hasa?" Wapo wanaoamini kwamba nabeba maboksi, halafu nawazuga kuwa niko chuo. Wapo wanaodhani nasomea ufundi simu. Hao wa pili, kusema kweli, hawako mbali.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari katika mambo ya vifaa vya kidijitali na usalama wake. Hilo ndilo jina la kuandika kwenye fomu. Kwa lugha ya kijiweni, kazi yangu ni kupima kama chipu inaweza kutunza siri.

Chipu ninazozisema unazo mwenyewe. Iko kwenye laini ya simu yako, kwenye kadi ya benki, kwenye pasipoti, kwenye rimoti ya gari la bosi wako, na iko ukutani kwenye mita ya LUKU. Ndani ya kila moja kuna namba ya siri inayoitwa ufunguo. Anayeijua namba hiyo anaweza kujifanya yeye ndiye wewe. Kwa hiyo chipu imepewa sharti moja tu maishani: tumia ufunguo huo kila siku, lakini usimwambie mtu.

Tatizo ni kwamba chipu nayo ina umbea!

Wale mliokulia nyumba za kupanga, vyumba sita na mita moja ukutani, mtanielewa haraka. Mita ile ina kataa kekundu kanakokonyeza. Umeme ukitumika kidogo, kanakonyeza kwa mapozi. Mtu akichomeka pasi, kanakonyeza kama kamepandwa na wazimu. Mama mwenye nyumba hana haja ya kugonga mlango wa mtu. Anakaa barazani na kikombe chake cha chai, anakatazama kale kataa, kisha anapaza sauti: "Nani huyo anapiga pasi saa hizi na mchango wa umeme hajatoa?" Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, lakini siri imeshatoka nje.

Basi na chipu ni hivyo hivyo. Inapokokotoa namba hii inakula umeme kiasi fulani, ikikokotoa namba ile inakula kiasi kingine. Tofauti ni ndogo mno, lakini ukiwa na kifaa kizuri cha kupimia na uvumilivu, unaiona. Aliyeishtua dunia kwa jambo hili ni Mmarekani anayeitwa Paul Kocher. Mwaka 1996 alionyesha kwamba ukipima muda tu ambao mashine inautumia kukokotoa, unaweza kuifahamu siri yake. Mwaka 1999, yeye na wenzake Joshua Jaffe na Benjamin Jun wakachapisha njia ya kufanya hivyo kwa kupima umeme. Na mnajua shahada yake ilikuwa ya nini? Baiolojia, chuo cha Stanford! Kwa hiyo wewe uliyesoma michepuo mingine usijikatie tamaa mapema.

Ngoja niwape hesabu kidogo, msiogope. Ufunguo unaotumika sana leo una biti 128, yaani sifuri na moja 128 zilizopangwa mstari. Ukitaka kuotea moja baada ya nyingine mpaka uupate, idadi ya kujaribu ni namba yenye tarakimu 39. Kompyuta zote za dunia zikikesha hazimalizi. Lakini chipu ndogo huushughulikia ufunguo huo vipande vipande, vipande 16, na kila kipande kina uwezekano wa aina 256 tu. Ukisikiliza umbea wa umeme unaotea kipande kimoja kimoja. Zidisha 16 kwa 256 upate 4,096. Kutoka tarakimu 39 hadi 4,096! Kazi ya kompyuta ya mezani kabla chai haijapoa.

Huo mtindo wa kufunga siri unaitwa AES, na una uhusiano na mji huu ninaokaa. Waliouvumbua ni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambao wote walipata udaktari wao hapa Leuven katika miaka ya 1990. Marekani iliitisha mashindano mwaka 1997, wakaingia washindani 15, na mwaka 2000 vijana hao wakatangazwa washindi. Mwaka 2001 ukawa mtindo rasmi. Leo uko ndani ya WhatsApp unayochatia na mchumba wako. Hesabu yake bado imesimama imara. Kinachotoa siri ni mwili, yaani ile chipu inayoifanya hesabu hiyo.

Sasa mtu mzima nilifikaje huku?

Nilianzia kwenye meza ya mjomba wangu, fundi redio wa Temeke. Nikitoka shule nilikuwa napitia pale kumshikia taa. Mjomba alikuwa na mkono mwepesi wa kuunganisha waya kwa risasi ya moto, na ulimi mzito wa kuongea. Sentensi yake kubwa ilikuwa moja: "Usibadilishe kitu kabla hujapima." Fundi jirani yake redio ikikoroma anabadilisha spika, ikikoroma tena anabadilisha kitu kingine, na mteja ndiye analipia. Mjomba yeye anashika testa, anapima hapa, anapima pale, ananyamaza, anapima tena. Nilidhani ni uzito wa kazi. Kumbe nilikuwa darasani.

Baadaye nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kampasi ya Kijitonyama, nikasoma elektroniki. Hapo ndipo nilipokutana na kitu kinachoitwa FPGA. Hiyo ni chipu isiyopewa kazi maalumu kiwandani. Wewe ndiye unayeiandikia leo iwe saa, kesho iwe mashine ya kufunga siri, keshokutwa unaifuta unaanza upya. Kampuni ya Xilinx iliingiza sokoni ya kwanza mwaka 1985. Kwa mtu asiye na kiwanda cha chipu, na ni nani mwenye kiwanda cha chipu kwetu, hicho ni kiwanda cha mezani.

Ubao wake sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni kompyuta ya mitumba ambayo betri yake ilikuwa imeaga dunia, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inakata kauli. Lakini ipo programu ya bure inayoitwa Icarus Verilog, ambayo inakuwezesha kuandika saketi na kuijaribu ndani ya kompyuta bila kununua chochote. Mwaka mzima nilikuwa natengeneza mashine za kufikirika. Washikaji wakienda ufukweni Jumapili, mimi nahangaika na sifuri na moja. Walinicheka, na sikuwalaumu.

Nilipomaliza nikapata kibarua cha kutunza mitambo ya mawasiliano. Mchana kazi, usiku kusoma. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba tafiti nyingi za fani hii zinapatikana bure kabisa, kwenye hifadhi ya chama cha kimataifa cha watafiti wa usimbaji, IACR. Huhitaji kadi ya maktaba wala kumjua mtu. Mara ya kwanza nilielewa ukurasa mmoja kati ya kumi. Mara ya pili miwili. Hivyo hivyo, kama kuvuka mto kwa kukanyaga mawe.

Shahada ya uzamili niliisomea Ulaya kwa ufadhili wa Erasmus Mundus, ambao katika awamu ya 2021 hadi 2027 umekuwa ukimpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi. Unasoma katika nchi zisizopungua mbili, mizigo yako haipati nafasi ya kukaa. Baada ya hapo ndipo nikaanza kuandikia maprofesa kutafuta udaktari.

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana wengi wanakwama hapa. Barua za "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mwenye bidii na ninayejituma" maprofesa wanazipata kila siku kutoka dunia nzima. Mimi niliambatanisha kurasa nne. Nilikuwa nimechukua Arduino, kale kabao ka bei poa ambako hata Kariakoo kanapatikana, nikakaandikia programu ya kufunga siri, nikapima umeme wake, nikachora nilichokiona na nilichokuwa nimetegemea kukiona. Wengi hawakujibu. Mmoja akaniita kwa mahojiano ya video, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Nieleze kitu ulichopima mwenyewe kikakupa jibu usilolitegemea." Vyeti hakuvigusa mpaka mwisho. Nilimwona mjomba wangu na testa yake!

Na jingine la kuwafungua macho: sehemu nyingi za Ulaya mwanafunzi wa udaktari katika fani hizi analipwa. Ni kazi kama kazi nyingine. Usifikirie utajiri. Unatoa kodi ya chumba, chakula, bima, unanunua baiskeli maana huku baiskeli ndiyo daladala, na kinachobaki unatuma nyumbani. Lakini huna haja ya kulala mlangoni kwa mjomba asiye mjomba, wala kuosha sahani usiku kucha ndipo uingie darasani.

Maabara yenyewe iko Heverlee, pembeni ya mji, jirani na kasri la zamani la Arenberg. Usiwazie sinema ya makompyuta yanayotoa cheche. Kuna chipu moja kwenye ubao, waya, na mashine ya osiloskopu inayochora mawimbi ya umeme. Unapima mara elfu, unapima mara laki, unaona vurugu tupu. Wiki tatu zinapita huna kitu. Siku ya ishirini na mbili, katikati ya zile vurugu, kamstari kamoja kanachomoza juu ya wenzake, nawe unajua hapo ndipo siri ilipo. Nyie acheni tu, raha yake haielezeki kwa mtu aliyelala.

Mimi binafsi natengeneza kinga. Rudi kwenye ile nyumba ya kupanga. Tuseme wapangaji wote wakubaliane, kila mmoja awe anawasha na kuzima vitu vyake ovyo ovyo, bila mpango. Mama mwenye nyumba atakodoa macho kwenye kale kataa mpaka chai ipoe na hatajua nani kapiga pasi. Ndicho tunachokifanya ndani ya chipu: tunaigawa siri vipande, tunavichanganya na namba za bahati nasibu zinazobadilika kila mara, umbea unabaki kelele tu. Ugumu ni kufanya hivyo bila chipu kuwa kubwa, nzito na ya bei mbaya.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Kuna mshikaji wangu wa zamani, tumwite Mzee wa Dili. Kanitumia ujumbe wa sauti, sauti tamu kama ya anayechumbia: "Braza, wewe si ndiye mtaalamu wa kuvunja chipu? Nitengenezee tokeni za LUKU bwana, mtaa mzima utanunua kwetu. Mshiko nusu kwa nusu!"

Kabla sijamjibu, Mama naye akapiga.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie ukweli. Rafiki yako anasema umekwenda Ulaya kusomea wizi. Ni kweli?"

Jamani! Mama yangu ni mama lishe, Tandika. Mtaji wake wote uko kwenye simu: hela ya mchele iko humo, ya mkaa iko humo, na ya kijumbe wa mchezo iko humo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, baada ya kuanza Kenya mwaka 2007, benki ya watu kama Mama ni laini ya simu. Nikamuuliza, "Mama, ni nani aliyekagua hiyo laini kabla hujaiwekea mtaji wako?" Akasema hajui, yeye aliuziwa tu. Nikamwambia ndiyo kazi ninayosomea.

Maana yametokea. Mwaka 1998 vijana huko Marekani walionyesha kwamba laini za simu zilizotumia hesabu moja dhaifu zingeweza kutolewa nakala. Mwaka 2013 mtafiti wa Berlin, Karsten Nohl, akaonyesha kuwa baadhi ya laini zilizokuwa bado zinatumia ufunguo wa kizamani zingeweza kutekwa kwa ujumbe mfupi ambao mwenye simu hauoni. Yeye aliwaeleza wahusika wa sekta ya simu ili wazibe. Angekuwa Mzee wa Dili, sijui akina mama lishe wangapi duniani wangelia.

Hapo ndipo ilipo njia panda ya fani hii. Ujuzi ni ule ule, vifaa ni vile vile. Ukishaona tundu, unamwambia nani kwanza?

Watafiti wa hapa Leuven mwaka 2018 walionyesha kwamba rimoti ya gari la Tesla Model S ingeweza kunakiliwa kwa sekunde chache. Walikuwa wameshaiambia kampuni mapema, ikawalipa zawadi ya dola 10,000 na ikatafuta dawa. Mwaka 2022 mmoja wao akaeleza jinsi alivyoingia ndani ya dishi la Starlink kwa kabao alikotengeneza kwa gharama ya takriban dola 25 tu. Naye alitoa taarifa kwanza. Si mara zote wenye mali hufurahi. Mwaka 2008 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipobaini udhaifu wa kadi ya MIFARE Classic, aina iliyokuwa ikitumika hata kwenye usafiri wa London, kampuni iliyoitengeneza ilikwenda mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe. Mahakama ikakataa kuuzuia.

Mzee wa Dili nilimjibu hivi. Mnakumbuka mwaka 2024 LUKU ilipotoa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, watu wakalalamika mtaani? Mita zile hufuata mtindo wa kimataifa ulioanzia Afrika Kusini, na kila tokeni hubeba hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, ili isiingizwe mara mbili. Nafasi ya kuhesabia ilikuwa ya dakika 16,777,216 tu, na ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza yalibadilisha ufunguo ndani ya mita na kuanzisha hesabu upya, la tatu ndilo lilikuwa na uniti zako. Kwa hiyo braza, nilimwambia, ile kero ilikuwa ni kufuli likibadilishwa ukiwa unaona. Waliokaa miaka kabla ya siku hiyo wakapanga mita zisizimike ndio ninaotaka kufanana nao. Pia nikamkumbusha kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na gerezani hakuna nusu kwa nusu. Mpaka leo kaninunia.

Lakini wasomaji wangu, tukiacha utani, vifaa hivi vinakuja kwetu vikiwa vimefungwa, tunavitumia kwa imani. Siku mtu wa kwetu atakapotakiwa aseme mita hii inafaa au laini hii haifai, ni lazima awepo anayejua kupima. Nataka niwe mmoja wao, lakini mmoja hatoshi.

Kwa wewe unayetaka kujaribu, mambo ni haya. Kwanza, usidharau meza ya fundi. Kifaa kilichokufa ndicho kitabu cha bei rahisi kuliko vyote, mradi kiwe chako. Pili, kuna kozi ya bure inayoitwa Nand to Tetris, inakuongoza kujenga kompyuta nzima kuanzia kipande kidogo kabisa. Ukiimaliza, ingia kwenye Verilog. Tatu, hesabu za takwimu usizikimbie, maana ndizo zinazotenganisha kamstari ka kweli na kelele. Nne, jaribu vitu vyako mwenyewe tu, andika ulichopima, tunza kurasa hizo. Siku moja zitaongea kuliko cheti. Tano, Kiingereza chako cha kuandika kinoe, kwa sababu utafiti usioandikwa ni porojo.

Na ukiambiwa kijiweni kwamba mambo ya chipu ni ya Wazungu na Wachina, waulize wamepima wapi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaeleza namna ya kupika ugali kwenye jiko la bweni bila kuamsha king'ora cha moto, maana hiyo nayo ni sayansi inayojitegemea. Mpaka hapo, alamsiki!